Kijana, mlango wa sayansi hufungwa kidato cha tatu!

Haya ni maneno niliyozungumza Jumapili moja alasiri na vijana wa kijiwe kimoja hapa Mwananyamala. Waliokuwapo waliniomba niyaandike ili na wewe ambaye hukuwapo uyapate. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, isipokuwa nimeondoa kelele za washabiki wa mpira waliokuwa wakinikatiza kila dakika.

 

Nianze na swali. Ukipanda daladala kutoka Mwenge kuja mjini, kabla hujafika Makumbusho konda anagonga bodi na kupiga kelele: "Sayansi! Sayansi wapo?" Watu wanashuka, wengine wanapanda, gari linaondoka. Wangapi kati yetu tumewahi kujiuliza kwa nini kituo kile kinaitwa Sayansi? Ni kwa sababu pale Kijitonyama ndipo yalipo makao ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Kutoka hapa tulipokaa unafika kwa miguu, huna haja hata ya nauli. Lakini niambieni ukweli, katika nyumba hizi zetu za Mwananyamala, kuanzia Kisiwani mpaka Kwa Kopa, ni vijana wangapi wamefika Sayansi kwa njia ya masomo, si kwa njia ya daladala?

Msidhani aliyesimama mbele yenu ni msomi. Mimi niliishia kidato cha nne. Ni mwandishi wa kujitegemea, habari ikitoka nalipwa, isipotoka nalala na chai kavu. Ila kwa kuwa jina langu huonekana gazetini, mtaani wananiona ninajua kila kitu. Mwenye kesi ya kiwanja anakuja kwangu. Aliyebanwa na mkopo wa kausha damu anakuja. Na wiki mbili zilizopita alikuja dogo mmoja wa nyumba ya nyuma, yuko kidato cha nne, mkononi ana karatasi ya kuchagua masomo ya kidato cha tano.

"Kaka, nisaidie hapa. Mwalimu anataka tujaze tahasusi."

"Unataka kuwa nani?"

"Daktari. Nimejaza PCB."

Nikafurahi. Nikamwambia vizuri sana, na hospitali yenyewe hiyo hapo Mwananyamala, utakuwa unakwenda kazini kwa miguu. Halafu nikamuuliza, hivi hivi tu, bila nia mbaya: "Fizikia unapataje?"

Akanitazama kama mtu niliyemdai. "Fizikia niliacha, kaka. Tulipoingia kidato cha tatu tuliacha karibu darasa zima."

Ndugu zangu, pale ndipo niliposhindwa la kusema. Na ndiyo maana leo nimewaomba mzime redio.

Kwa asiyejua, hizo herufi ni za majina ya Kiingereza ya masomo. P ni fizikia, C ni kemia, B ni biolojia, M ni hisabati, G ni jiografia, E ni uchumi. Ukisikia PCB maana yake ni fizikia, kemia na biolojia. Sasa mtu aliyeacha fizikia akiwa na miaka kumi na sita anajaza PCB kwa kalamu gani? Karatasi itapokea, karatasi haikatai kitu. Atakayekataa ni yule anayepanga wanafunzi baada ya matokeo kutoka.

Huyu dogo hakudanganywa na mtu. Ubaya ni kwamba hakuna aliyemwambia. Kwa utaratibu tuliosomea sisi, kidato cha kwanza na cha pili unasoma masomo yote. Ukifika cha tatu, hisabati na biolojia unaendelea nazo upende usipende, lakini fizikia na kemia unaruhusiwa kuziacha. Ndipo mnapogawanywa: hawa sayansi, hawa sanaa, hawa biashara. Siku hiyo inachukua nusu saa. Mwalimu anaingia, anauliza nani anaendelea na fizikia, mikono inanyooshwa michache, wengine wanacheka, kengele inalia. Kijana anatoka nje kucheza mpira, hajui kwamba ndani ya nusu saa ile amejifungia udaktari, uhandisi, urubani, upimaji ardhi, na kozi nyingi za stashahada ambazo hata hazihitaji kidato cha sita.

Najua kwa sababu na mimi nilikuwamo.

Shule niliyosoma sitaitaja. Mwalimu wa fizikia alikuwa mmoja kwa shule nzima, na alipohama hakuja mwingine. Kwa muhula mzima kipindi cha fizikia kilikuwa kipindi cha kusinzia. Maabara ilikuwapo, tena imepakwa rangi nzuri, lakini ndani yake vilihifadhiwa viti vibovu. Nilipofika kidato cha tatu rafiki yangu akaniambia: "Achana nayo, itakuharibia divisheni." Nikaona ameongea mtu mzima. Nikaacha.

Itakuharibia divisheni! Hebu tuisimamishe hapo hoja hii maana ndiyo inayomaliza vijana wengi. Divisheni ya kidato cha nne inahesabiwa kwa masomo yako saba uliyofanya vizuri zaidi. Saba tu. Pointi 7 mpaka 17 ni daraja la kwanza, 18 mpaka 21 la pili, 22 mpaka 25 la tatu. Ukiwa na masomo tisa, mawili mabaya kabisa hayaguswi katika hesabu ile. Kwa hiyo ile fizikia uliyoiogopa, hata ungepata F, kama una saba nyingine nzuri, isingekushusha hata pointi moja. Na ungepata D, ungekuwa na D ya fizikia kwenye cheti. Unaiona D ni kitu cha kuchekwa? Nenda kasome sifa za kujiunga na stashahada ya utabibu, ile inayowatoa wale matabibu wanaokupokea zahanati. Wanataka ufaulu wa kidato cha nne, na ndani yake wanataka kuona kemia, biolojia na fizikia. Hawasemi uwe na A. Wanataka uwe umefaulu. Mwenye D tatu za sayansi anapita mlango ambao mwenye A ya Kiswahili na A ya historia hapiti. Mimi Kiswahili nilipata A.

Sasa tuje kwenye tahasusi zenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoongea kwa kubahatisha.

PCB ndiyo kila mtu anaijua kwa sababu ya udaktari. Chuo kikuu wakitaka mtu wa shahada ya udaktari wanataka amefaulu fizikia, kemia na biolojia, zote tatu. Ndiyo maana nasema CBG, yaani kemia, biolojia na jiografia, imewatesa wengi. Kijana anaona kuna kemia, kuna biolojia, anadhani ni PCB iliyopunguzwa ugumu. Anasoma miaka miwili, anafaulu vizuri, anaomba udaktari, anaambiwa fizikia iko wapi? CBG si mbaya, tusielewane vibaya. Inakupeleka kwenye kilimo, misitu, mazingira na wanyamapori, na pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, mwenye CBG ana mahali pake. Ila uichague ukijua unakokwenda. Usiichague kwa kukimbia fizikia halafu ukaanza kumlaumu shangazi.

PCM ni fizikia, kemia na hisabati. Hiyo ndiyo njia kuu ya uhandisi wa aina zote: barabara, umeme, mitambo, migodi. Wanaoiogopa wanaiogopa kwa sababu ya hisabati, na wana haki ya kuiogopa, maana hisabati ya kidato cha tano si ile ya kutafuta eneo la mstatili. Lakini kuna dada yake ambayo vijana wa mjini hawaijui vizuri, nayo ni PGM: fizikia, jiografia na hisabati. Mtu wa PGM anaweza kwenda upimaji ardhi au mipango miji pale Chuo Kikuu Ardhi, au mambo ya anga na hali ya hewa. Na katika mji huu wetu, ambako kila mwenye kiwanja ana kesi na jirani yake, mpima ardhi hakosi mkate. Nimesema mwenyewe, wenye kesi za viwanja wanakuja kwangu mimi mwandishi! Wangekuwapo wapimaji wa kutosha wangekuja kwangu kutafuta nini?

EGM, uchumi, jiografia na hisabati, ni kwa anayeipenda hisabati lakini maabara hataki kuiona. Takwimu, uchumi, bima, benki. Zipo CBA yenye kilimo na CBN yenye lishe, na ipo ya fizikia, hisabati na kompyuta, lakini shule zinazotoa hizi si nyingi, kwa hiyo uliza kwanza.

Na kuna kitu kinaitwa BAM. Wanafunzi wa PCB na CBG wasiosoma hisabati kubwa wamekuwa wakisoma hiyo, hisabati ya matumizi, kama somo la pembeni. Wengi wanaidharau. Halafu siku ya kuomba chuo wanakuta kozi waliyoipenda inauliza: hisabati uliishia wapi? Usiidharau BAM.

Hapo sijagusa tangazo la serikali. Mwaka 2024 walitutangazia kwamba tahasusi za kidato cha tano zimeongezwa kutoka 16 mpaka 65, kuanzia mwezi Julai mwaka ule. Sitini na tano! Kuna za sayansi, za lugha, za biashara, za sanaa, za michezo, za dini. Vyombo vya habari vikashangilia. Mimi sipingi. Mtoto apewe uwanja mpana wa kuchagua, nani atakataa? Lakini sisi watu wa uswahilini tumezoea hoteli yenye orodha ndefu ukutani: pilau, biriani, kuku wa kukaanga, samaki wa nazi. Unakaa, unaagiza pilau, unaambiwa imeisha. Biriani? Bado. Kuku je? Mpaka kesho. Kilichopo ni ugali maharage. Kwa hiyo usikimbilie kuuliza orodha ina vyakula vingapi. Uliza jikoni kuna nini, na mpishi yupo?

Mpishi ndiye mwalimu wa fizikia na wa hisabati. Jiko ni maabara. Tukumbushane historia kidogo maana vijana tunasahau haraka.

Kuanzia mwaka 2004, kwa mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, kila kata ilitakiwa iwe na sekondari yake. Majengo yakaota kama uyoga, na watoto wa makabwela waliokuwa wanaishia darasa la saba wakapata pa kwenda. Hilo ni jambo jema na tulikubali. Lakini walimu na vifaa havikuota kwa kasi ile. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 yalipotoka mwanzoni mwa 2013, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Nchi ilitikisika, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Baada ya hapo ikaja kampeni ya maabara: Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya biolojia, mwisho Novemba 2014. Muda ukaisha, ukaongezwa mpaka katikati ya 2015. Wazazi wetu walichangishwa. Wapo wakubwa hapa wanaokumbuka watendaji walivyopita nyumba kwa nyumba. Kuta zilijengwa. Nyingine zina bureti na pipeti ndani, na watoto wanapima tindikali na besi kama inavyotakiwa. Nyingine zina viti vibovu.

Na walimu? Serikali ilianzisha stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi pale Chuo Kikuu cha Dodoma, ikachukua vijana wa kidato cha nne moja kwa moja ili kuziba pengo. Vijana kama sisi. Wakafunga mabegi, mtaani wakapongezwa, mama zao wakafanya sherehe. Mwezi Mei 2016, wahadhiri walipogoma kuwafundisha kwa sababu ya malipo, wanafunzi zaidi ya 7,000 waliambiwa waondoke chuoni mara moja. Mabinti walilala stendi. Rais wa wakati ule, hayati Magufuli, ambaye mwenyewe alipata kuwa mwalimu wa kemia na hisabati kule Sengerema, akawaita vilaza. Baadaye walichujwa na baadhi wakapelekwa vyuo vya ualimu. Nalisema hili si kwa kutafuta ugomvi na marehemu. Nalisema kwa sababu waliochezewa ni watoto wa walalahoi waliotii wito wa kusoma sayansi. Watoto wa vigogo hawakuwamo katika basi lile.

Kwa hiyo ukinijibu, "Wewe unatuambia tusome sayansi wakati mwalimu hakuna," nitakuelewa. Mwalimu kweli hakuna, au yupo mmoja anayefundisha madarasa manane. Lakini ukiiacha fizikia kwa sababu hiyo, aliyeshindwa kumleta mwalimu halipi chochote. Unalipa wewe. Mimi nalipa mpaka leo.

Sasa niwape habari ya kijana mmoja. Hii si hekaya, dunia nzima inaijua, ila sisi wenye mali ndio hatuisimulii.

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwapo mwanafunzi wa kidato cha tatu, kidato kile kile tunachokisema, akiitwa Erasto Mpemba. Wanafunzi pale walikuwa na kawaida ya kutengeneza aiskrimu. Wanachemsha maziwa, wanaweka sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanatia kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa ndogo na watu wengi. Siku moja Mpemba akaona mwenzake anawahi nafasi, akaogopa kukosa, akatia maziwa yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu wakarudi. Ya moto yalikuwa yameganda kuwa aiskrimu. Ya mwenzake yalikuwa bado uji.

Akamuuliza mwalimu wake: kwa nini? Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, haiwezekani. Kijana akanyamaza. Lakini likizo alipokwenda Tanga alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu, naye akamwambia kwamba wao siku zote wanatia ya moto, ndiyo inayoganda haraka. Muuza aiskrimu wa mtaani alikuwa anajua! Mnawaona kina mama wetu hapa wanaouza barafu za ubuyu? Msiwachukulie hivi hivi.

Mpemba akafaulu, akaenda kidato cha tano Mkwawa, Iringa. Huko tena akauliza swali lile lile kwenye kipindi cha joto. Mwalimu akamkebehi kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Ikawa utani wa darasa. Kila akikosea hesabu, wenzake wanamwimbia kuwa hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Kisha siku moja akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, mhadhiri wa fizikia Dakta Denis Osborne. Baada ya mazungumzo akaruhusu maswali. Mpemba akasimama mbele ya shule nzima, akauliza. Maji ya kiasi sawa, moja nyuzi 35, jingine nyuzi 100, ukiyatia kwenye friza, la nyuzi 100 linatangulia kuganda, kwa nini? Wenzake wakacheka. Walimu wakaona aibu. Osborne alikiri kwamba hakuamini, lakini alifanya kitu ambacho walimu wawili hawakukifanya: alisema atakwenda kujaribu. Akarudi Dar es Salaam, akamwagiza fundi wa maabara, wakajaribu. Mwaka 1969 wakaandika makala pamoja, Mpemba na Osborne, ikachapishwa katika jarida la fizikia la Uingereza. Jambo lile likapewa jina la Mpemba, na jina hilo limo katika vitabu vya Wazungu, Wajapani na Wachina. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kueleza sababu yake, wakapata majibu zaidi ya 22,000 kutoka duniani kote. Na mpaka leo wanasayansi wanabishana. Wengine wanasema ni mvuke, wengine ni mzunguko wa maji, wengine wanasema hata jambo lenyewe halitokei kila mara.

Na mwenyewe wakati makala ile inatoka alikuwa wapi? Alikuwa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, Kilimanjaro. Hakuja kuwa profesa wa fizikia, alikuwa mtu wa wanyamapori. Lakini fikiri pamoja nami. Kama Mpemba angeacha fizikia pale Magamba, siku mwalimu alipomwambia amechanganyikiwa, angekuwa na sababu nzuri kuliko yangu mimi. Asingefika Mkwawa na swali lake.

Kuna jambo jingine nalisema haraka. Msiogope sayansi kwa sababu ya Kiingereza. Shule ya msingi tulijifunza usanisinuru, tukajifunza nyenzo, tukajifunza mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, tena tulielewa. Tulipoingia kidato cha kwanza vitu vile vile vikarudi vimevaa suti, tukadhani ni wageni. Mimi nilikaa miezi mitatu kabla sijagundua kwamba mwalimu wa biolojia anazungumzia usanisinuru! Andika neno la Kiingereza, pembeni yake andika la Kiswahili ulilolijua darasa la tano. Kazi ya jioni mbili.

Sasa wewe uliye hapa ufanye nini? Inategemea umesimama wapi.

Kama uko kidato cha kwanza au cha pili, wewe ndiye niliyekujia. Usiache. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 una njia mbili, ya jumla na ya amali, na uchaguzi unaanza mapema zaidi ya ulivyotukuta sisi. Muulize mwalimu wa taaluma swali moja tu: nikiliacha somo hili, ni mlango gani unafungwa? Akijibu "utaona mbele ya safari", muulize mwingine.

Kama uko kidato cha nne na sayansi unazo, jua kipimo. Kwa utaratibu wa TAMISEMI uliozoeleka wanataka C tatu kwenda juu, na masomo matatu ya tahasusi yako pointi zake kwa jumla zisizidi 10, bila F. A ni pointi moja, B mbili, C tatu, D nne. Maana yake C, C na D unapita. Na matokeo yakitoka, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadili machaguo kwa mtandao. Wengi hawajui, dirisha linafunguliwa na kufungwa wakiwa vijiweni. Ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali iliondolewa mwaka wa fedha 2022/23, na tangu mwaka ule ule upo ufadhili wa masomo ya sayansi chuo kikuu kwa wanaoongoza kidato cha sita. Godoro, nauli ya Tabora na michango midogo midogo bado ni juu ya mzee wako, hilo sitakuficha.

Kama umemaliza kama mimi, bado hujafa. Ukiwa na fizikia na hisabati zilizofaulu, Taasisi ya Teknolojia pale mjini, ile iliyoanza mwaka 1957, inachukua watu wa kidato cha nne kwa stashahada ya uhandisi. Ukiwa huna, unaweza kurudia masomo hayo kama mtahiniwa wa kujitegemea wa Baraza la Mitihani, ila hakikisha kituo unachojiandikisha kina maabara, kwa sababu sayansi ina mtihani wa vitendo. Ukijiandikisha kituo kisicho na maabara umetupa fedha yako baharini. Na VETA, Chang'ombe, wapo.

Mtaniuliza, je, yule dogo? Nilimwambia kweli, sikumficha. Kemia na biolojia anazo na anafanya vizuri, kwa hiyo akajaza CBG mahali pa PCB, na akasema akimaliza mtihani atatafuta fizikia kwa kujitegemea. Atafanya kweli? Sijui. Alikaa kimya kwenye kochi kwa muda mrefu, chai ikapoa. Akaondoka bila kuaga.

Nikadhani amekasirika. Juzi jioni akarudi. Hakuja peke yake, alikuwa amemshika mkono mdogo wake wa kidato cha pili, na mdogo mtu kabeba daftari la fizikia. Nikalifungua. Lina kurasa nne zilizoandikwa, baada ya hapo ni picha za wachezaji wa Simba. Nikatafuta rula na kifutio, nikaweka rula juu ya kifutio mezani, tukaanza na nyenzo.